SOMO LA MWEZI: Kuteleza Majini, na Boti Inayomvuta Mtelezaji

Kehancha haina ziwa, lakini maji yake yanalijua ziwa. Mvua inayonyesha katika vilima vya Kuria huteremkia Mto Migori, mto huo huungana na Mto Kuja kule Nyatike, na maji yote huishia Ziwa Victoria. Mkazi wa Kehancha anayetaka kuyafuata hupanda gari hadi mji wa Migori, kisha huteremka Muhuru Bay au Sori na kufika ufuoni siku iyo hiyo.

Wengi huenda huko kununua samaki. Wengine huenda kupumzika, na miongoni mwao wapo wanaotamani michezo ya majini, hasa kuteleza juu ya maji kwa skii huku wakivutwa na boti. Nchini Kenya mchezo huu umejulikana kwa muda mrefu katika Ziwa Naivasha na katika mikono ya bahari huko Mombasa. Maji ya kuuchezea yapo pia huku kwetu, na hata boti zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni maarifa ya kuitunza boti.

Somo la mwezi huu linafundisha mambo mawili kwa pamoja: namna mchezo unavyochezwa, na namna boti inavyotunzwa. Hayatenganishwi kwa sababu mtelezaji akianguka mbali na ufuo, kitu pekee cha kumrudisha salama ni ile boti. Injini ikigoma wakati huo, mchezo umekwisha na msiba unaweza kuanza.

MCHEZO WENYEWE

Kuteleza majini kulianza mwaka 1922 katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana aitwaye Ralph Samuelson, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alijiuliza: ikiwa watu huteleza juu ya theluji, kwa nini wasiteleze juu ya maji? Alijaribu mbao za mapipa zikashindwa kumbeba. Alijaribu skii za theluji, nazo zikazama. Mwishowe alinunua mbao pana, akazichemsha ncha ili zipinde kuelekea juu, akafanikiwa kusimama.

Siri aliyoigundua ni rahisi. Ubao mpana uliopinda mbele, ukivutwa kwa kasi ya kutosha, husukuma maji chini, na maji nayo huusukuma juu. Kasi ikipungua, ubao huzama pamoja na aliye juu yake. Ndiyo maana mtelezaji hutegemea injini kila sekunde anapokuwa amesimama.

Kwa kawaida kamba ya kuvutia huwa na urefu wa takriban mita 23, nayo huwa na mshikio mwishoni. Mtu mzima anayejifunza kwa skii mbili huvutwa kwa kasi ya kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Mtoto huhitaji kasi ndogo zaidi.

Anayeanza hujikunja ndani ya maji akiwa amevaa jaketi la kuokoa maisha, magoti yakiwa karibu na kifua, mikono imenyooka, na ncha za skii zimetokeza juu ya maji. Kamba inyooshwe kwanza, ndipo boti iongezwe mwendo. Kosa la wanafunzi wengi ni kujivuta kwa mikono ili wasimame upesi. Anayefanya hivyo huanguka. Iache boti ikuinue. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo na macho yaitazame boti, wala yasitazame miguu.

BOTI NA NGUVU ZAKE

Chukua mfano wa kikundi cha vijana kumi wa Kehancha waliochanga fedha na kununua boti kuukuu ya glasi-nyuzi, pamoja na injini ya nguvu za farasi 40 ya kufungwa nyuma. Wanataka kuteleza wenyewe mwisho wa wiki, na wakati mwingine kuwakodishia wageni. Je, boti hiyo itawatosha?

Jibu linaanzia kwenye mwinuko wa ziwa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini huchoma petroli kwa kutumia hewa. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini iliyoandikwa 40 hubaki na nguvu za karibu 36 tu ikifika Muhuru Bay. Boti iliyokuwa ikimwinua mtelezaji vizuri kule Mombasa inaweza kusuasua huku.

Mambo mawili husaidia. La kwanza ni kupunguza uzito. Boti ya namna hii ikivuta mtelezaji, ndani yake wawemo watu wawili tu, nahodha na mwangalizi. Wenzao saba wasubiri zamu zao ufuoni. La pili ni kumwomba fundi aweke propela ambayo mabawa yake hayajalala sana. Propela ya namna hiyo huipunguzia boti mwendo wa juu kabisa lakini huipa nguvu ya kuanzia, na mtelezaji huhitaji nguvu hasa pale anapotoka majini.

Kamba ya mtelezaji ifungwe kwenye nguzo imara ya kuvutia, au kwenye pete mbili za nyuma kwa kamba yenye umbo la V, ili uzito usivutie upande mmoja. Kamwe isifungwe kwenye injini.

INJINI HUNYWA MAJI YA ZIWA

Injini ya pikipiki hupozwa na upepo. Injini ya boti hupozwa na maji yale yale inayopita juu yake. Chini ya injini, karibu na propela, kuna matundu ya kuvuta maji. Juu yake kuna pampu ndogo yenye gurudumu la mpira liitwalo impela. Mabawa yake huzunguka, hunyonya maji, huyapandisha hadi kwenye injini, kisha maji hutoka yakiwa na joto.

Hapa ndipo wakulima wa Kuria na wavuvi wa Nyatike wanapokutana. Mvua kubwa ikichukua udongo wa mashamba, Mto Migori huubeba hadi Mto Kuja, na Mto Kuja huumwaga ziwani. Maji ya karibu na mdomo wa mto huwa mazito kwa mchanga na matope. Mchanga ukipita ndani ya pampu hulisugua gurudumu la mpira kama tupa, na matope hujaa katika njia za maji. Injini huanza kuchemka polepole bila mtu kutambua, hadi siku inaponata.

Upo mlinzi wa kukuonya mapema. Nyuma ya injini nyingi kuna tundu dogo linalorusha kijimkondo cha maji wakati injini inapofanya kazi. Kila mara baada ya kuwasha, nahodha ageuke alitazame. Maji yakiruka kwa nguvu, pampu inafanya kazi. Yakidondoka kwa unyonge au yasipotoka kabisa, izime injini mara moja. Huenda ni gugumaji au mfuko wa plastiki umeziba matundu ya chini, au ni impela imekwisha.

Sheria tatu za kuilinda pampu ni hizi:

1. Usiwashe injini ya boti ikiwa nje ya maji, hata kwa sekunde chache za kumwonyesha mnunuzi kwamba inanguruma. Impela ya mpira ikizunguka bila maji huungua.

2. Usiendeshe boti kwa kasi penye maji mafupi ya matope. Isukume kwa kasia hadi penye kina, ndipo uteremshe injini na kuiwasha.

3. Badilisha impela kila mwaka, au mapema zaidi ikiwa kitabu cha injini kinasema hivyo. Ni kipande kidogo, na bei yake haifiki popote karibu na bei ya injini.

Baada ya kila safari, injini isafishwe kwa maji safi. Anayeirudisha boti Kehancha kwa trela anaweza kutumia pipa la lita 200 lililokatwa juu. Ondoa propela, tumbukiza mguu wa injini hadi maji yapite juu ya matundu, hakikisha gia iko huru, kisha washa kwa mwendo wa chini kwa dakika kama kumi. Kazi hii ifanyiwe nje penye hewa, kwa kuwa moshi wa injini una sumu isiyo na harufu. Ukimaliza, iache injini isimame wima hadi maji yote yachuruzike.

PROPELA NA OILI YA GIA

Ziwa letu ni ziwa la wavuvi, na nyuzi za nyavu zimetapakaa kila mahali. Uzi mmoja ukinaswa hujizungusha nyuma ya propela na kuingia ndani hadi kwenye sili ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Uzi huikata sili kimya kimya. Maji huingia, yakachanganyika na oili, na gia huanza kuliwa na kutu.

Kwa hiyo, baada ya kila safari kadhaa, zima injini, chomoa waya za plagi, kisha fungua propela na uangalie nyuma yake. Kata nyuzi zote kwa kisu. Paka grisi kwenye mhimili kabla ya kurudisha propela, kisha weka pini mpya ya kuzuia nati.

Oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Fundi anapoimwaga, iangalie rangi. Ikiwa imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili inahitaji kubadilishwa. Vumbi jembamba la chuma kwenye sumaku ya skrubu ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya gia inayovunjika.

Ili kujua saa hizo, kikundi kiwe na daftari. Wakiteleza saa 3 kila Jumamosi, Jumamosi mbili kwa mwezi, hizo ni saa 6 kwa mwezi. Saa 100 zitatimia baada ya takriban miezi 17. Katika mfano huu mwaka ndio unaotangulia, basi oili ibadilishwe kila mwaka. Kikundi kinachokodisha boti kila siku kitafikisha saa 100 katika muda wa wiki chache. Daftari ndilo litakalosema, maana kumbukumbu za watu kumi hutofautiana.

PETROLI: THELUTHI TATU

Injini nyingi za zamani huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Kipimo cha kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Kwa tangi la lita 24, hiyo ni mililita 480. Oili ikipungua, pistoni hukauka na kunata. Ikizidi, plagi huchafuka na injini hukohoa. Tumia oili ya injini za boti, na ufuate kipimo cha kitabu cha injini yako kwa kuwa si injini zote zinazolingana. Injini mpya nyingi zina oili yake kando, na hizo hazichanganyiwi.

Jambo la pili ni kiasi cha mafuta. Injini ya kuchanganyiwa oili ya nguvu za farasi 40 inaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa saa ikienda kasi kamili, na kuvuta mtelezaji kunakaribia kasi hiyo. Manahodha wenye uzoefu hugawa tangi mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya akiba. Kwa tangi la lita 24, mchezo ukome na boti ianze kurudi mara tu lita 8 za kwanza zinapokwisha. Lita 8 za mwisho ni za upepo, mawimbi na kumtafuta mwenzenu.

Petroli iliyokaa kwa miezi huharibika na kuacha utando katika kabureta. Boti isipotumika kwa muda mrefu, tangi na kabureta vimwagwe. Maji huingia pia kwenye mafuta kupitia madumu machafu, kwa hiyo chujio la mafuta likaguliwe mara kwa mara. Tangi linalobebeka lijazwe likiwa nchi kavu, mbali na moto, na lisihifadhiwe ndani ya nyumba wanamolala watu.

MWILI WA BOTI

Boti ya kasi ina kizibo sakafuni, upande wa nyuma. Hufunguliwa boti ikiwa kwenye trela ili maji yatoke. Boti nyingi zimezama ufuoni kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amekirudisha kizibo. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, na aitaje kwa sauti kabla boti haijaingia majini.

Kagua nyufa, hasa mahali injini inapofungwa. Gonga ubao wa nyuma kwa vifundo vya vidole. Sauti nzito isiyolia inaweza kumaanisha mbao za ndani zimeoza, na injini inayofungwa kwenye mbao zilizooza ipo siku itang'oka na kuzama. Kaza skrubu zote. Kagua nyaya za usukani kama zimekatika nyuzi.

Boti ikiwa imehifadhiwa nyumbani, ifunikwe kwa turubai linalopitisha hewa, pua yake ikiwa juu kidogo na kizibo kimefunguliwa ili maji ya mvua yasikae. Panya hupenda mabomba ya mafuta na nyaya, basi vikaguliwe kabla ya msimu. Kamba na jaketi zikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nyuzi zake.

KABLA YA KUONDOKA UFUONI

Chombo kinachobeba watu ziwani kinatakiwa kukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Nahodha naye anatakiwa kuwa na kibali. Katika kila ufuo wa wavuvi kuna kamati ya usimamizi, BMU. Ipigie hodi kwanza. Wanajua nyavu zimetegwa wapi, mawe yako wapi, na ni upande gani wa maji unaofaa kwa mchezo. Waachie majina ya walio kwenye boti na saa mnayotarajia kurudi. Msiporudi, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuwatafuta.

Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ya ziwa. Dhoruba nyingi za ziwa hutokea usiku na alfajiri. Kisha, kadiri jua linavyopanda na ardhi kupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na maji huanza kuchafuka. Asubuhi iliyotulia baada ya jua kuchomoza ndiyo saa nzuri ya kuteleza. Ukiona wingu jeusi au kusikia radi, rudi ufuoni.

Kila aliye ndani ya boti avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa sawasawa. Jaketi lililolaliwa chini ya kiti halimfai mtu yeyote. Ndani ya boti kuwe na makasia mawili, nanga na kamba yake, ndoo ya kuchotea maji, kizima-moto, filimbi, kisanduku cha huduma ya kwanza, plagi za akiba na kifungulio chake, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Nahodha ajifunge kamba ya kuzima injini mkononi au kwenye jaketi. Akianguka majini, kamba huchomoka na injini huzima. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu huzunguka kwa kasi na inaweza kumrudia yeye mwenyewe.

WATU WATATU, KAZI TATU

Mchezo huu hauchezwi na watu wawili. Nahodha hutazama mbele. Mwangalizi hutazama nyuma na kumweleza nahodha kila kinachotokea. Mtelezaji hutoa ishara kwa mkono, kwa kuwa kelele za injini humeza sauti:

- Dole gumba juu: ongeza mwendo.
- Dole gumba chini: punguza mwendo.
- Kiganja kinachopita shingoni: simama.
- Kujigonga kichwani: nirudishe ufuoni.
- Mikono miwili iliyoshikana juu ya kichwa baada ya kuanguka: niko salama.

Aliyeanguka ainue skii moja juu ya maji ili boti nyingine zimwone. Asipotoa ishara ya usalama, mwangalizi achukulie kuwa ameumia. Nahodha ageuke polepole, amkaribie upande ambao anamwona wakati wote, na azime injini kabisa kabla mtu hajashika boti. Kuiweka gia huru hakutoshi, kwa kuwa propela inaweza kuendelea kuzunguka. Hakuna mtu anayepanda boti kupitia nyuma wakati injini inafanya kazi.

HATARI ZA ZIWA LETU

Maji matamu yana wenyeji wake. Viboko hukaa kwenye midomo ya mito na penye matete, na mamba nao wapo. Usitelezee karibu na mdomo wa Mto Kuja. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, lilifunika miti, nguzo na kuta zilizokuwa nchi kavu. Baadhi ya visiki vimebaki chini ya maji karibu na kingo. Mtelezaji awe mbali na ufuo, nyavu na waogeleaji. Walio Muhuru Bay wakumbuke pia kwamba mpaka wa Tanzania uko karibu, na majini hauna ua.

Kuna pia kichocho. Minyoo yake hukulia ndani ya konokono wa majini wanaokaa penye majani ya kingoni, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa juu, karibu na adhuhuri. Kuanzia mchezo penye maji ya kina, mbali na majani na mapema asubuhi, hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Mtu anayeingia ziwani mara kwa mara aende kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Maumivu ya tumbo na damu kwenye choo visipuuzwe, hasa kwa watoto.

FUNZO LA MUKONO

Jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria upande wa wilaya ya Mukono, Uganda. Waliokuwamo walikuwa wakisherehekea mwisho wa wiki. Zaidi ya watu 30 walifariki. Mamlaka za Uganda zilisema boti hiyo ilikuwa katika hali mbovu, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na haikuwa na leseni. Wengi hawakuwa wamevaa jaketi.

Hakuna lolote kati ya hayo lililoanza jioni ile. Boti haiwi mbovu kwa siku moja. Ubovu huanza na ufa uliopuuzwa, ukaguzi ulioahirishwa, na mtu aliyesema itafika tu. Vijana kumi wa mfano wetu wanaweza kuepuka hayo yote kwa daftari moja, impela moja kwa mwaka, na ujasiri wa kusema leo hatuendi. Neno hilo ni gumu kulisema mbele ya wageni waliokwisha kulipa, na kwa sababu hiyo kikundi kikubaliane mapema kwamba nahodha akilitamka, halibishaniwi na nauli inarudishwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umewasha injini, na kijimkondo cha maji hakitoki nyuma. Utafanya nini kwanza?
2. Tangi lina lita 30. Lita ngapi zikishatumika boti ianze kurudi?
3. Oili ya gia imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maana yake ni nini?
4. Mtelezaji ameanguka na hatoi ishara yoyote. Mwangalizi achukulie nini, na nahodha afanye nini kabla mtu hajashika boti?
5. Boti yenu ya nguvu za farasi 40 imekuja na watu sita wanaotaka kumtazama mwenzao kwa karibu. Wangapi waingie?

Majibu: (1) Kuzima injini mara moja, kisha kukagua matundu ya kuvuta maji. (2) Lita 10. (3) Maji yameingia kwenye gia, na sili ibadilishwe. (4) Achukulie ameumia; nahodha amkaribie polepole na kuzima injini kabisa. (5) Hakuna. Wabaki ufuoni, na ndani ya boti wawe nahodha na mwangalizi pekee.